Fomu ya Mwenye Duka

Mjomba wangu aliuza chumvi na vitenge kwa baiskeli. Alitoka Kasongo akapita vijijini mpaka soko la Wamaza, na huko ndiko walikokuwa wateja wake. Wabelgiji walipotaka kila mfanyabiashara alipe kodi ya patanti, yaani kibali cha kufanya biashara, niliitwa mimi nimjazie fomu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri.

Ofisi ilitoa fomu mbili: ya mwenye duka na ya mchuuzi wa kutembea. Mjini kwetu mwenye duka aliheshimiwa, mchuuzi alipitwa tu. Niliona aibu kuandika kwamba mjomba ni mchuuzi, nikachukua ya duka.

"Mutoto wa dada," alisema, "duka yangu iko na magurudumu mawili."

"Mjomba, baraza yako inatosha kuwa duka."

Alicheka, akatia dole gumba kwenye wino.

Sokoni Wamaza askari wa chifu aliisoma karatasi. "Mzee, hapa wameandika duka iko Kasongo. Huku unauza kwa ruhusa gani?"

Mjomba alirudi na chumvi yake yote. Ofisi ilikataa kubadilisha fomu mpaka mwaka uishe, basi akakaa barazani akingoja wanunuzi, na majirani wakaendelea kununua kwenye maduka makubwa ya barabarani. Mwaka uliofuata nilimpelekea fomu ya mchuuzi, lakini baiskeli alikuwa ameshaiuza. Alikuwa ameniambia wazi duka lake ni lipi, nami kwa aibu yangu nikajifanya kuona anatania.