Mikono ya Jozi Mbichi

Siku ya kwanza kazini nilipewa sindano. Nilidhani nitashona vitambaa vya meza. Bosi wetu, mama wa Kichina Mwislamu mwenye mgahawa, tulimwita Laoban, kama wafanyabiashara wa mji ule wa Guangzhou, Uchina, wanavyomwita kila mwenye duka. Alinisogezea kapu akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani: "Sindano pita, chukua. Sindano gota, meiyou." Meiyou ndiyo hamna, usiniulize tena.

Kapuni mlikuwa na jozi mbichi. Sisemi jozi ya viatu. Nasema lile tunda la gamba gumu mnalolinunua kavu pamoja na lozi na zabibu. Likiwa changa ni la kijani, na gamba la ndani halijakaza. Sindano ikipenya mpaka upande wa pili, linafaa kwa achari. Ikigota, umechelewa, liache mtini.

Msimu wake mfupi. Tulipanda basi mpaka milimani kaskazini mwa mji, tukachuma kwenye miti ya mwituni kando ya kijito. Jikoni tuliyamenya matunda hayo kidogo, tukayatoboatoboa na kuyaroweka kwenye maji ya chumvi, tukibadilisha maji mpaka uchungu utoke, kisha tukayaanika yakawa meusi tititi. Laoban aliishia kwenye siki na sukari. Mimi Muunguja, nikaongeza pilipili, thomu na karafuu. Watu wetu waliotoka soko la Shisanhang kununua nguo, au la Shiling kununua mikoba, walikula pilau na achari ile, wakaondoka na chupa.

Kasoro yake ni maji ya ganda. Yakitoka hayana rangi, unayadharau. Kesho yake vidole vyeusi, na si sabuni wala ndimu itakayokusaidia. Unangoja ngozi ibadilike. Glovu zilikuwepo, lakini sindano ilizitoboa hizo nazo.

Mwaka mmoja mume wangu akafariki, msimu ndio kwanza umeanza. Nikakaa eda. Mjane aliye edani hajipambi: hana manukato, hana hina, hana piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba mikono. Kutoka mchana kutafuta riziki anaruhusiwa, na riziki yangu ilikuwa jozi. Wanawake wa kwetu walipokuja kunipa pole, mmoja aliipiga picha mikono yangu kwa siri, akamtumia mama mkwe wangu Unguja, aliyekuwa akinilelea binti yangu. Jioni simu ikalia.

"Udongo wa kaburi la mwanangu haujakauka, weye umepaka piko? Mtoto huyu humuoni tena!"

"Mama, ni jozi."

"Jozi gani inayopaka piko? Nenda zako!"

Akakata. Nilikaa sakafuni nikalia kuliko nilivyomlilia marehemu. Yeye alikwisha kwenda. Mtoto alikuwa hai, nami nampoteza kwa ajili ya achari.

Laoban alimwita Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mikoba, mkubwa wa wanawake wetu pale, akamwekea kapu. "Menya." Bi Zuhura akacheka, akamenya, akanawa, akaenda zake. Kesho yake alirudi mbio kwangu.

"Wallahi Bi Mwajuma, nimesugua mpaka kwa dawa ya madoa! Mume wangu ananiuliza nimealikwa harusi ya nani!"

Pale pale akampigia mama mkwe simu ya video, akamwonyesha vidole vyote kumi. "Haya, bibi, na hili piko nalo nimepakwa na nani?"

Mama mkwe akampa mtoto simu. Radhi hakuniomba.

Nilifanya kazi ile mpaka macho yakashindwa kuiona ncha ya sindano, nikastaafu, nikarudi Unguja. Vijana wakiniuliza kazi ile yataka nini, nawaambia inataka kuwahi. Mengine utafundishwa.

Mwaka huu binti yangu ameolewa. Mpakaji piko aliponifikia nilificha mikono. Kwetu piko ni la wenye waume, nami sikuolewa tena. Mama mkwe, mzee sasa, haoni vizuri, alinipapasa mpaka akanishika kiganja mbele ya wanawake wote.

"Mpakeni na huyu. Lile la kwanza tulimsingizia."

Nikatoa mikono yote miwili. Nililia mpaka mpakaji akanigombeza, ati namtikisia mkono. Piko lenyewe halikukaa sana. Lile la jozi lilikuwa likikaa zaidi.