Matairi ya Spoti Ukweni

Msinicheke sana, maana nilijitakia mwenyewe. Nilifunga matairi ya spoti, mapana, laini, yenye mifereji michache. Kwenye lami kavu na jua letu la Tabora yananata, kona unaikata huku unatabasamu. Kwamba yanalika upesi na tope hayaliwezi, nilijua. Ila nilivyoyapenda, nikajifanya sijui.

Siku tunaondoka Kanyenye kwenda ukweni Usinge, mke wangu Nyamizi akaniambia, "Baba Shija, kule mvua imenyesha. Tuazime gari la kaka."

"Mama Shija, matairi haya unayajua wewe?"

Tulipoacha lami tukamkuta mama mkwe anatusubiri na mkokoteni wa ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari liache hapa, mbele hakupitiki."

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mkokoteni utanikuta nyumbani nimeshamaliza chai.

Sikufika mbali. Mifereji ilijaa udongo, matairi yakateleza kama yamepakwa mlenda, gari likageuka lenyewe likatazama Tabora. Mama mkwe akanifikia taratibu, akawafungua ng'ombe wake kwenye mkokoteni, akawafunga kwenye gari langu. Tukaingia kijijini tunavutwa, mimi nimeshika usukani kama vile ninaendesha, na shemeji zangu wanapiga vigelegele.

Nikashuka kuwashukuru hata ng'ombe. Mama mkwe akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, hawa umewasahau? Si uliwaleta mwenyewe, mahari ya Nyamizi?"