Benchi la Upande wa Wanaume

Katika kigango chao kule Mpepai, wanawake hukaa kushoto na wanaume kulia, wala hakuna mjadala. Isipokuwa Notburga. Miaka saba mama huyu alikaa kulia, benchi la mwisho jirani na mlango, na kitenge chake katikati ya makoti ya wazee, amebanana na mumewe Othmar. Wenye midomo wakasema ana wivu, hata kwenye misa hambanduki mume!

Wivu wa nini? Othmar alikuwa askari, akapelekwa Kongo kulinda amani, akarudi na mikono na miguu yake yote. Ila mlango ukibamizwa, alikuwa chini ya meza kabla hujageuka. Notburga akajifunza. Akiingia ndani hukohoa kwanza. Kumwamsha, husimama miguuni akamwita jina. Na kanisani, kengele ikikaribia kulia, humgonga gotini mara mbili kwa kidole, maana yake nipo, si kitu. Kwa ajili hiyo aliacha kwaya, na kwaya aliipenda, tusidanganyane.

Mwaka juzi Othmar alianza kwenda kwa mshauri nasaha mjini Mbinga kila mwezi, Notburga akimsubiri nje. Taratibu akapata nafuu, hata mashine ya kumenyea kahawa akawa anaizungusha mwenyewe na kelele zake zote. Jumapili moja akasimama mlangoni mwa kanisa, akamwita mkewe kwa jina la binti yao.

"Mama Herieth, leo nenda kwa wenzako."

"Na wewe?"

"Mimi nina Mungu na mlango."

Hedwiga, kiongozi wa kwaya, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi la kwaya, amefurahi kupita kiasi. Notburga hakusikia somo hata moja. Othmar akitimua mbio leo mbele ya watu wote, aibu itamfungia ndani, na miaka yote ile itakuwa kazi bure.

Katikati ya wimbo wa matoleo benchi moja tupu likaanguka kwenye sakafu ya saruji, paa! Mtu mmoja tu aliruka. Alikuwa Notburga, kitabu kiko chini, mikono masikioni. Akageuka kutafuta benchi la mwisho.

Othmar alikuwa ameketi. Jasho lilikuwa linamtiririka, ndiyo, lakini ameketi, anamtazama yeye. Akainua kidole, akagonga goti lake mwenyewe mara mbili.

Notburga akakaa, akalia kidogo, akaokota kitabu. Akaingia na sauti ya pili akiwa amechelewa, na bado wimbo ulimnogea kuliko chakula.

Njiani kurudi nyumbani, walipofika penye shamba lao la kahawa, Othmar akasimama.

"Jumatano twende mjini. Safari hii unaingia wewe kwa mshauri, mimi ndiye nitakayesubiri nje."

Notburga akataka kubisha. Kisha akakumbuka jinsi alivyoruka, akacheka.

"Basi ukae karibu na mlango," akasema, "nikitoka nikuone."