Mrija wa Soda na Beberu wa Kiamaiko

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa Maabara, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani, alinipa mrija wa kunywea soda.

"Unajua kazi ya hii?"

"Kunywea soda, madam."

"Leo utaisahau soda kabisa."

Alisema kweli. Mezani palikuwa na mbwa aliyekufa, nasi tulitaka kipande cha ubongo wake bila kupasua fuvu. Unavaa glavu na miwani, unapitisha mrija kwenye tundu la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingia, unauzungusha taratibu. Ukiutoa, una kipande cha shina la ubongo, maskani ya virusi vya kichaa cha mbwa. Nilitoka nje kutapika. Kesho yake niliwahi kufika kuliko wote.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, mwenye elimu ya sekondari tu, na sijawahi kutulia mahali. Nilipelekwa Busia, kisha Kitui, kisha Isiolo, na kila kituo kilipokosa mtu, mkono wangu ndio uliotangulia kwenda juu. Daktari wa Mifugo wa Isiolo alinichoka: "Wewe una miguu ya mbuzi. Basi kila unakozurura, niletee sampuli." Nikamletea, zikahifadhiwa kwenye friza.

Lakini kisa kinachonisisimua mpaka leo kilitokea niliporudishwa Nairobi.

Pale Kiamaiko, soko la mbuzi, palikuwa na mfanyabiashara, Mzee Guyo, aliyeleta mbuzi kwa lori kutoka kaskazini. Alikuwa amembakiza beberu mmoja mkubwa kwa majuma kadhaa, akingojea bei ya Idi. Asubuhi moja beberu akaanza kudondosha mate, hawezi kumeza. Mbuzi wa mjini hula mifuko ya plastiki, kwa hivyo Guyo alifanya ambalo mtu yeyote wa soko lile angefanya: akaingiza mkono hadi kooni kuutafuta mfuko. Hakukuwa na mfuko. Alitoa mkono ukiwa na michubuko ya meno, na beberu akafa.

Nilipofika kuchukua sampuli, wachinjaji walinipokea kwa kelele. "Niaje, daktari wa mrija! Leo soda ya mbuzi?"

Sikucheka. Kabla ya kumgusa beberu nilimwosha Guyo mkono kwa sabuni na maji mengi, nikahakikisha amepelekwa kudungwa sindano siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna dawa.

Maabara ilithibitisha: kichaa. Mwenyekiti wa soko naye hakungoja.

"Malori ya kaskazini hayaingii tena. Guyo na wenzake watafute soko lingine. Wametuletea ugonjwa."

"Mwenyekiti, nimelisha mji huu tangu nikiwa kijana," Guyo alisema. "Leo nimekuwa sumu?"

Sikuweza kumtetea. Kichaa hukaa mwilini majuma, hata miezi, kabla ya kujitokeza. Huenda beberu aliumwa na mbwa huko kwao.

Hapo Mkuu wa Kitengo chetu akaamuru tusome jeni za kirusi, yaani maagizo yake ya kuzaliana, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Kirusi kikijinakili hukosea herufi moja moja, na kizazi chake hurithi makosa hayo. Kumbuka tulivyonakiliana hesabu darasani: mwalimu alipokuta kosa lile lile kwenye madaftari mawili, alijua akina nani wameketi pamoja. Kwa makosa hayo, kompyuta huchora mti wa ukoo wa virusi.

Siku mti ulipotokea kwenye skrini, nilisimama nyuma ya kiti cha Mkuu. Sampuli zangu za Isiolo zilikaa tawi moja, pamoja. Beberu hakuwa humo. Alikuwa mbali, tawi la pili, ubavuni mwa mbwa koko aliyeuawa na wakazi wa Mbotela. Nilimjua. Nilimpitishia mrija mimi mwenyewe, hatua chache kutoka mlangoni kwa mama yangu!

"Kumbe miguu yako ya mbuzi ina faida," Mkuu alisema. "Bila hizi za Isiolo tungelinganisha na nini?"

Nilikwenda Kiamaiko karibu mbio. Nikawaeleza kwamba mbwa wa mitaani huja kutafuta matumbo hapo, na ukoo wao wa kirusi ndio uliomuua beberu.

Mwenyekiti alikuna kichwa. "Kwa hivyo mbwa wetu ndiye aliyemuuma mgeni wetu?"

Guyo akainuka. "Beberu wangu alikuja Nairobi na akili timamu. Nairobi ndiyo iliyomtia wazimu!"

Soko zima liliangua kicheko. Mwenyekiti alicheka wa mwisho, akamshika Guyo mkono ule ule uliochubuka. Malori yakaingia. Chanjo nazo zikapelekwa Mbotela, ambako mbwa waliletwa kwa mishipi ya suruali na kamba za kuanikia nguo, wa mama yangu akiburutwa nyuma ya wote.

Baadaye mradi wetu wa kichaa cha mbwa ulifungwa, nikastaafu nikiwa bado na nywele nyeusi. Vijana wa maabara, mashine zenu za leo za kusoma jeni huingia kwenye begi, nami nawaonea wivu. Lakini begi halitembei lenyewe. Nendeni Busia, nendeni Isiolo, nendeni hata msikotumwa.

Guyo yuko pale pale, mzima. Juzi mbuzi wake alikohoa, mzee akanipigia simu.

"Njoo na mrija wako, ndugu yangu. Mimi mkono siingizi."

Nilikuwa njiani kabla hajakata simu.