Farasi wa Kitonga Hakutoka Mtoni

Marehemu mume wangu, Kitonga, alikuwa na farasi mmoja wa kijivu aitwaye Malaika. Kila Jumapili baada ya ibada alimpeleka kwenye uwanja ulio karibu na maporomoko ya Chania, hapa Thika, akawazungusha watoto wa wageni huku ameshika hatamu. Hakuna mtoto aliyewahi kuanguka. Hilo naliandika kwanza.

Hadithi ya farasi wa mtoni aliisikia sebuleni kwetu. Bi Janice, Mskoti niliyefundisha naye, alitusimulia kwamba katika mito ya kwao kuna kiumbe anayejigeuza farasi mzuri na kusimama ukingoni kwa upole. Mtoto akimpanda, mikono inanata kwenye ngozi, na farasi anazama naye. Wakati mwingine hujigeuza kijana mtanashati, akaja kuposa. Humtambui ila kwa nywele, maana zina mchanga na majani ya mtoni.

Kitonga aliipenda sana. Tangu hapo, kabla ya mtoto kupanda, alimwambia apitishe vidole kwenye nywele za shingo ya Malaika.

"Kuna mchanga?"

"Hakuna!"

"Basi huyu ni wa nchi kavu. Lakini ukimwona mwingine kule chini majini, usimguse."

Hivyo ndivyo alivyowaweka watoto mbali na maporomoko, tena wakicheka.

Watu wazima ndio walioiharibu. Hadithi ilifika Ruiru ikisema Kitonga anafuga jini la maji. Mwaka huu kijana aitwaye Githae alipoleta watu wake kutoka Membley, huko huko Ruiru, kumposa binti yangu Mbinya, shangazi wa kijana huyo, Rachael, aliweka kikombe chini.

"Mama Mbinya, tusifichane. Tumesikia nyumba hii ina mnyama wa mto."

"Mmesikia kwa nani?"

"Ruiru nzima inajua."

"Na huko Ruiru, nani amewahi kumpanda?"

Wazee wakakohoa. Posa ilikuwa inavunjika, na jina la mume wangu lilikuwa pale mezani pamoja na chapati. Sikubishana. Niliwatoa wote nyuma ya nyumba, ambako Malaika, sasa mzee, alikuwa anakula nyasi. Mbinya akashika hatamu jinsi baba yake alivyomfundisha.

"Dada Rachael, pitisha vidole," nikasema.

"Na mkono ukinata?"

"Utarudi Ruiru juu ya farasi," mzee mmoja wa kwao akasema. "Nauli umeokoa."

Rachael alianza na kidole kimoja, kisha vyote. Hakuona mchanga wala jani. Mwishowe aliweka kiganja kizima shingoni, akangoja, akakitoa, akakitazama. Malaika akampigia chafya kwenye kitenge.

"Kumbe ni farasi tu," akasema, akijifuta.

"Ni farasi wa Kitonga," nikamsahihisha. "Sasa ni zamu yetu. Githae, njoo, inamisha kichwa."

"Mimi tena, mama?"

"Baba yake Mbinya asingekuacha upite hivi hivi."

Kijana akainama. Nilipitisha vidole kwenye nywele zake mbele ya ukoo wake wote, polepole, huku wazee wakishikana mabega kwa kicheko. Sikupata kitu ila poda ya kinyozi.

"Huyu naye ni wa nchi kavu," nikasema.

Tukarudi ndani kuendelea na mazungumzo. Mzee wao alipoomba kuanza kwa sala, alimshukuru Mungu kwa ajili ya Kitonga kabla ya kumtaja mtu mwingine yeyote.