Kaka alimpelekea Ma kuku kila mwezi, na Ma akazidi kukonda

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba. Kama kuna ndugu yangu humu atanitambua, basi anitambue tu. Sijaongeza chumvi.

Mama yetu, Ma, ni mjane aliyevuka miaka themanini. Anaishi peke yake kwenye kibanja, shamba letu la migomba, alimozikwa Ta, baba yetu. Mimi ni binti wa mwisho, nafundisha sekondari Bukoba mjini. Kaka yetu mkubwa naye yuko mjini, ana pickup, na ana majibu ya kila kitu.

Mwaka jana Ma alianza kukonda. Gauni za kanisani zikawa zinaning'inia. Kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike mlango. Siku moja akaanguka migombani.

Kaka akatangaza kwenye group la familia: "Uzee hauna dawa. Ma anahamia kwangu, nyumba tunaifunga."

Watu wakajibu "amina". Amina! Kana kwamba amesoma Injili.

Ma alipoambiwa, aliuliza kitu kimoja tu: "Na Ta namwachia nani?"

Hapo wataalamu wakazuka. Binamu anayeuza unga wa makopo akasema damu ya Ma imechoka, kopo lake litaiamsha. Shangazi akamtaja jirani mchawi. Shemeji akapiga marufuku maziwa, eti mzee akila vizuri anapata presha.

Yaani mtu anakonda, na tiba yake ni kumpunguzia chakula. Wakuu, hata ng'ombe hatumtibu hivyo.

Kaka yeye alikuwa na hoja moja: "Mimi kila mwezi napeleka kuku. Nani mwingine anapeleka kuku?"

Nikampeleka Ma hospitali. Wakapima sukari, presha, figo, kifua. Ugonjwa haukuonekana. Daktari akauliza anakula nini. Kaka, ambaye alikuja ili aonekane amekuja, akamjibia: "Kuku, dokta. Tena wa kienyeji."

Daktari akamgeukia Ma. "Bibi, hao kuku meno yanawaweza?"

Ma akacheka. "Kuku? Mjukuu wangu, sijaonja kuku tangu nizaliwe. Mlaji ni huyu hapa."

Kaka akaanza kutafuta simu mfukoni.

Kwa msio wa Kagera: zamani mwanamke wa Kihaya hakula kuku, mayai wala senene, wale panzi wa kukaanga. Vilikuwa vya wanaume. Sisi mabinti tulishaachana na mwiko huo, senene tunatafuna hadi barabarani. Ma hakuuacha. Kuku akifika, anampika, anampakulia mwanawe, anasema "mimi nitakula jikoni". Huko jikoni ni ndizi na chai ya rangi.

Kwa hiyo bwana mkubwa alikuwa anajisafirishia kuku kutoka Bukoba hadi Muleba, anamla mwenyewe, kisha anarudi mjini kujisifu kwamba anamtunza mama.

Sasa niwaeleze taratibu, kama daktari alivyotueleza, maana jambo lenyewe si gumu.

Mwili ukizeeka, misuli hupungua. Ili ibaki, mzee anahitaji protini ya kutosha na kuutumia mwili. Lakini wakati huohuo hamu inashuka, ladha inafifia, meno yanang'oka, hata kiu haisikiki vizuri. Tumbo linajaa ndizi, misuli inakaa na njaa. Sisi tunaita uzee.

Sikumlazimisha Ma avunje mwiko wake. Kwani dagaa wamekatazwa na nani? Tulichukua dagaa wakavu wa kisiwa cha Goziba, tukawasaga, tukachanganya kwenye ndizi zilizopondwa. Maharage yakalowekwa na kupikwa hadi yanavunjika. Maziwa yakarudi. Maji anakunywa hata bila kiu. Na kila siku anafanya zoezi la kuinuka kigodani, halafu anatembea kwenda kumsalimia Ta na kurudi.

Haikuwa muujiza. Miezi ilipita.

Kabla ya Pasaka kaka akaja na pickup kumchukua, godoro la kumlaza limeshafungwa nyuma. Na kuku mkononi, kama kawaida.

Ma alikuwa kigodani anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akainuka. Hakushika mlango. Hakushika chochote.

Akampokea kuku, akamgeuza kumtazama, akaenda naye mpaka kwenye gari na kumweka juu ya godoro.

"Kasinge waitu, mwanangu, asante. Huyu rudi naye. Ukimlia kwako utaokoa mafuta ya gari."

Gari likarudi Bukoba na kuku wake. Ma yuko kwake.

Nilichojifunza: usimuulize mzee "umekula?" Atasema ndiyo. Kaa naye mpaka sahani iishe, uone nini kimeingia kinywani mwa nani. Na akikonda, apimwe kwanza kabla hamjamtaja mchawi au kumwita muuza makopo. Mzee kurudisha nguvu inawezekana, jamani, wala hamjachelewa.

Haya, huko kwenu kuku wa mama anamla nani? Semeni hapa. Na kaka, kama unasoma, karibu uchangie.