Lori la Masanja Halikuwa na Mafuta ya Taa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya miaka ya hamsini ninayoikumbuka kwa hasira hadi leo, na mtu ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nisikilize, maana juzi nimekusikia ukimwambia mteja kwamba gari lake halina kitu, ni yeye tu hajui kuendesha. Hukuwa hata umefungua boneti! Damu ilinichemka. Nilitamani kukuzaba kibao, mtu mzima na ndevu zako.

Nilikuwa fundi kijana kwenye gereji ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nilikuwa na ovaroli mpya, spana zangu mwenyewe, na kiburi cha kutosha gereji nzima. Lori la kubeba wafanyakazi liliendeshwa na Masanja, mtu wa Kharumwa, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Sote tulimwita Baba Kulwa, kwa ajili ya mapacha wake. Alikuja kunieleza kwamba lori linamsumbua asubuhi injini ikiwa baridi. Ukilipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, linawaka, linatetemeka kama mtu mwenye homa, linakohoa kwenye kabureta, kisha linazima. Likishapata moto halina neno.

Sasa, pale mgodini tulikuwa na desturi moja ambayo leo naiona ya kipuuzi kabisa. Dereva hakuthubutu kumpelekea fundi gari chafu au linalokohoa. Ilihesabiwa ni kukosa adabu. Kwanza aliliosha, akaliwasha, akalizungusha mpaka likachangamka, ndipo akalileta gereji. Na sisi mafundi tuliipenda heshima hiyo, tukavimba vichwa. Kwa hiyo Baba Kulwa alileta lori mara tatu, na mara zote tatu lilinifikia likiwa moto, likinguruma vizuri. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa, nikamrudisha.

Mara ya tatu aliniambia mbele ya wenzangu, "Fundi, ugonjwa upo. Njoo wewe kambini ulione kabla jua halijapanda."

Mimi nilifuate gari? Wenzangu wakacheka, nikaona nimedharauliwa. Nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi nikamwambia dereva huyu anauza petroli ya mgodi na kujazia mafuta ya taa, ndiyo maana injini inakataa ikiwa baridi. Ni kweli mafuta ya taa hufanya hivyo. Lakini sikupima. Tangi lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, na sikupima!

Msimamizi naye hakuuliza hata swali moja. Kabla ya saa sita mchana Baba Kulwa alikuwa amefukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya kambi, godoro kichwani, mbele ya watu aliokuwa akiwabeba kila siku. Mtu mzima ameitwa mwizi kwa neno la kijana asiyetaka kuchafua viatu kwa umande. Na mimi siku hiyo nilikula vizuri nikalala.

Wiki hiyohiyo fundi mkuu wetu, Mzee Athumani, alirudi kutoka likizo kwao Tabora. Dereva mpya alikuwa ameshaanza kulalamika yaleyale. Mzee akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza kwa majivuno. Kesho yake kulipopambazuka akanichukua kwa miguu hadi kambini, tukalikuta lori limelowa umande.

Alitoa petroli kidogo kwenye tangi akaimwaga juu ya karatasi. Ikakauka yote, isiache doa la mafuta. Kisha akaondoa chujio la hewa, akamwambia dereva avute choki. Mle ndani kwa dereva kitufe cha choki kilivutika vizuri, lakini huku kwenye kabureta kile kibati kinachopunguza hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi hakikusogea hata kidogo. Skrubu inayobana waya wake ilikuwa imelegea. Dereva akapiga hendeli, lori likatetemeka na kukohoa. Mzee akaziba nusu ya mdomo wa kabureta kwa kiganja, na injini ikatulia. Ikazimwa, akakaza skrubu, basi. Chai ya moto isingewahi hata kupoa.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Mzee."

"Hujaona! Mtu anakwambia anaumwa asubuhi, wewe unampima mchana, halafu unamwita mwongo. Nani alikufundisha ufundi huo? Si mimi!" Akafuta mafuta viganjani. "Kwa msimamizi nitakwenda mwenyewe. Wewe chukua baiskeli uende Kharumwa, ukayaseme haya mbele ya majirani zake. Usipokwenda, usiguse spana tena mbele yangu."

Nilimkuta Baba Kulwa shambani akichuma pamba na mkewe na majirani. Habari ya wizi ilikuwa imeshafika kabla yangu, nikajua kwa jinsi majirani walivyonigeuzia mgongo.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba."

Nikasema yote, kwa sauti, bila kujificha nyuma ya msimamizi. Nikamwambia arudi kazini, Mzee Athumani anazungumza na msimamizi.

"Nitarudi, nina watoto," alisema. "Lakini nikwambie kitu, Fundi. Siku niliyofika hapa, Mama Kulwa alichukua shati langu akalinusa. Alikuwa anatafuta harufu ya mafuta ya taa."

Mama Kulwa aliinamisha uso juu ya kapu lake la pamba. Nikatamani ardhi inimeze. Hilo sikuwa na namna ya kulitengeneza.

Basi, mwanangu, gari linalosumbua likiwa baridi, lifuate likiwa baridi. Mwambie mwenyewe asiliwashe, uende kwake asubuhi na mapema, hata akiwa na kibaiskeli cha injini tu. Tazama choki, tazama hewa inapopita, fungua plagi, pima petroli, ndipo ufungue mdomo. Na anayekwambia gari lake linaumwa, mwamini kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeamka nalo. Ukishindwa kuona ubaya, sema umeshindwa wewe. Haitakuua.

Mungu akubariki, aibariki mikono yako na mkate wako. Na akujalie usiwe kamwe sababu ya mke kunusa shati la mume wake.